Caligari, Nosferatu au Phantom: nianze na ipi kati ya filamu bubu za kutisha?

Bundi wa Usiku
Wakuu, muvi za kutisha zenye sauti nimeshaziangalia sana, sasa nataka kuingia kwenye zile bubu. Nimebakiza tatu: The Cabinet of Dr. Caligari ya 1920, Nosferatu ya 1922 na The Phantom of the Opera ya 1925. Nitaangalia usiku, kwenye laptop. Ipi itanishika mapema? Naomba mje na sababu, si jina tu.

Nyamizi
Nosferatu, bila kusita. Mwongozaji wake, Murnau, alitoka studio akaenda kupiga picha mahali penyewe: mitaa ya Wismar na Lübeck, ngome ya Orava huko Slovakia. Nyumba ni nyumba kweli, bahari ni bahari kweli, halafu katikati yake anapita Orlok, yule mnyonya damu, amebeba jeneza lake kwapani. Ukifika karibu na mwisho, tazama pale ngazini. Yeye humwoni. Kinachopanda ni kivuli tu, mgongo umepinda, na kikifika mlangoni vidole vinarefuka ukutani. Sijaona kiumbe wa kompyuta aliyenifanyia hivyo.

Mpenda Kale
Mimi nasema Caligari. Wabunifu wa mandhari, Warm, Reimann na Röhrig, walichora mji mzima: kuta zimelala upande, madirisha yamepinda, hata vivuli vingine ni rangi iliyopakwa. Conrad Veidt, anayecheza Cesare, yule anayetembea usingizini, anatembea akijibana ukutani mpaka unamwona kama sehemu ya mchoro. Na ile dakika anayofumbuliwa macho kwenye sanduku, kamera ikamkaribia usoni! Mwisho wake sikwambii, ila ukiufikia utaelewa kwa nini mji ulichorwa vile.

Fundi Projekta
Kabla hamjaendelea, muulizeni mleta uzi ataangalia nakala ipi. Hapo ndipo wengi wanapozichukia filamu hizi.

Mikanda ya wakati ule haikuweza kunasa giza vizuri, kwa hiyo matukio mengi ya usiku katika Nosferatu yalipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi ya bluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Ukipata nakala isiyo na rangi, utamwona Orlok anazunguka kwenye jua kali, halafu baadaye unaambiwa jua ndilo linalomuua. Hadithi inavunjika, na kosa si la Murnau.

Isitoshe, filamu ilitengenezwa bila ruhusa ya Florence, mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, riwaya ambayo hadithi hii imetoka kwake. Alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Tunachoangalia leo kimeunganishwa kutoka nakala zilizosalimika, ndiyo maana ubora unapishana mno. Caligari ina bahati zaidi: ukarabati wa 2014 ulitumia negativu ya kamera, yaani mkanda wa asili uliopigwa picha, unaona hadi alama za brashi kwenye mandhari yaliyochorwa.

Bundi wa Usiku
Hilo sikulijua kabisa. Na Phantom mbona hamuitaji?

Nyamizi
Ni nzuri, ila inapoa katikati. Iangalie kwa ajili ya Lon Chaney, aliyejitengenezea uso ule mwenyewe. Anapiga kinanda, Christine, mwimbaji aliyemteka, ananyemelea nyuma na kumvua barakoa. Sisi tunauona uso kwanza, yeye bado. Sekunde hizo ndizo filamu yenyewe.

Mama Sinema
Wadau, mmeisahau Körkarlen ya Victor Sjöström, Sweden, 1921. Anayekufa wa mwisho usiku wa kuamkia mwaka mpya analazimika kuendesha gari la mauti mwaka mzima. Mpiga picha Julius Jaenzon aliupitisha mkanda uleule kwenye kamera zaidi ya mara moja, kwa hiyo gari na farasi unawaona na nyuma yao unaona pia. Kuna mahali linapita juu ya mawimbi kumfuata aliyezama. Hofu yake haitoki kwa jini wala zimwi, inatoka kwa mume mlevi aliyeitesa nyumba yake. Mimi ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko zote.

Mpenda Kale
Mama Sinema, hapo sina la kubisha. Lakini iwe ya pili au ya tatu, ni nzito kwa anayeanza.

Fundi Projekta
Nakubali. Bundi, anza na Nosferatu, nakala iliyokarabatiwa, yenye bluu ya usiku na muziki wa Hans Erdmann. Angalia pia mwendo: ukiona watu wanatembea harakaharaka, imeongezwa kasi, tafuta nyingine.

Bundi wa Usiku
Nimeipata yenye rangi. Nosferatu Ijumaa, Caligari Jumamosi, Körkarlen wiki ijayo. Nitaleta mrejesho hapahapa.