Tuihakiki kwa kipimo gani filamu ya "Conclave" mbele ya vijana wa parokia?

Mlezi wa Vijana
Tumsifu Yesu Kristo. Vijana wetu wameomba tuitazame pamoja filamu ya "Conclave", inayohusu makardinali wanaokutana kumchagua Papa mpya, iliyoongozwa na Edward Berger na kutoka mwaka 2024, kisha tuijadili. Mzee mmoja wa halmashauri ya walei ameipinga kabisa kwa sababu ya ule mwisho wake, ambao sitaufichua hapa. Je, Mkatoliki apime imani, sanaa, au vyote viwili?

Katekista Mstaafu
Milele amina, mlezi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963 kuhusu vyombo vya mawasiliano, haukukataza uovu kuonyeshwa. Ulitaka uonyeshwe kwa kufuata maadili, usije ukapambwa hadi mtazamaji akautamani. Kwa hiyo makardinali wenye uchu wa madaraka hawanisumbui, maana historia ya Kanisa imewahi kuwa na wabaya kuliko hao. Kinachonisumbua ni kwamba hadithi nzima inamtegemea kardinali aliyeteuliwa kwa siri na Papa marehemu, naye anaruhusiwa kupiga kura ilhali jina lake halikutangazwa kamwe. Kanuni ya 351 ya Sheria za Kanisa inasema bayana kwamba mtu wa namna hiyo hana haki yoyote ya kardinali mpaka Papa amtangaze. Angezuiwa mlangoni, na filamu ingeishia hapo.

Mama Jumuiya
Shikamoo, katekista. Kosa hilo nalikubali, ila vijana watakuwa wamelisahau kabla ya Jumapili. Mimi ningewaelekeza kwa Kardinali Lawrence, mhusika mkuu wa filamu, anayekiri kwamba kusali kumekuwa kugumu kwake na kwamba aliomba kuacha udekano, yaani uongozi wa jopo la makardinali. Ukavu huo wa sala tunaufahamu: barua za Mtakatifu Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, zimejaa giza la namna hiyo. Ninachoilaumu filamu ni yale mahubiri ya Lawrence yanayouita uhakika dhambi ya kuogopwa kuliko zote, kana kwamba imani thabiti na kiburi ni kitu kimoja.

Katekista Mstaafu
Marahaba, mama. Hapo umenishinda.

Mlezi wa Vijana
Asanteni sana. Tutaitazama Jumamosi, na mjadala nitauanzia kwenye mahubiri hayo. Yule mzee nimemwomba aketi nasi, atoe pingamizi lake baada ya kuiona, kwa kuwa amekiri hajaitazama.