Chakula cha harusi kwa wageni wengi: mpishi wa kukodi, kupika wenyewe au vitafunwa tu?

Tausi Mpole
Habari za saa hizi wadau. Harusi inakaribia na mpaka sasa hatujaelewana kuhusu chakula. Wageni ni wengi, fedha ni za kuungaunga. Tumepata mpishi wa kukodi anayekuja na kila kitu, sahani mpaka wahudumu, anatoza kwa kichwa. Mama mkwe anasema huo ni wizi wa mchana, tununue vyakula wenyewe na wapishi tuwalipe ujira wao tu. Mimi moyoni nataka tuachane na mlo kabisa, watu wapate vitafunwa, keki na kinywaji. Vinywaji navyo sijui tununue vya chupa au tutengeneze juisi. Ipi nafuu? Natanguliza shukrani.

Kijiko Kirefu
Hongera dada. Sasa hao "wengi" ni wangapi? Kuna mtu kwake themanini ni umati, mwingine ana mia tano na bado anaona kuna waliosahaulika. Halafu sherehe inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi? Ukumbini kuna jiko na maji? Wanaruhusu chakula cha nje? Kumbi nyingine zina mpishi wao, ukileta wako unatozwa faini iliyopewa jina la ada. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli hapa.

Jiko la Kuni
Mimi sihitaji idadi. Pikeni wenyewe, mama mkwe yuko sahihi. Anayetoza kwa kichwa anakuuzia mchele, gesi, sabuni ya kuoshea vyombo na faida yake, vyote ndani ya bei moja usiyoweza kuikagua.

Bwana Sahani
Na siku yenyewe nani anasimamia masufuria, mkuu? Bibi harusi? Mama mkwe na nguo yake ya sherehe? Watu hupiga hesabu ya nyama na mchele wakasahau majiko, masufuria, vyombo vya kuweka chakula moto, sahani, vijiko, usafiri, waosha vyombo na mahali pa kutupa taka. Kodi kimoja kimoja uone. Ukijumlisha unaweza kujikuta pale pale kwa yule mliyemwita mwizi, tena bila wahudumu wake.

Jiko la Kuni
Unazungumza kama mwenye biashara hiyo.

Bwana Sahani
Nazungumza kama mtu aliyewahi kuosha sahani za harusi usiku wa manane akiwa na suti.

Tausi Mpole
Samahanini, niliandika haraka. Wageni ni kama mia tatu, labda mia tatu na hamsini. Ukumbi hauna jiko ila nyuma kuna uwanja na bomba la maji. Chakula cha nje ruksa.

Kijiko Kirefu
Saa hujaisema bado. Na hiyo "labda" yako ni watu hamsini, yaani meza tano za watu kumi kumi. Hapo ndipo fedha inapovujia, kuliko kwenye aina ya chakula. Kabla ya kubishana na mama mkwe, pigieni watu simu mpate orodha ya waliothibitisha. Mtu akijibu "nitajitahidi", mwandike pembeni.

Mama Daftari
Nimepikia mikusanyiko mikubwa kwa muda mrefu, nikupe hesabu uwe nayo mkononi hata ukimchukua mpishi wa kukodi, ili asikudanganye.

Mchele mkavu gramu 80 hadi 100 kwa mtu mzima, kwa hiyo watu 300 ni kilo 24 hadi 30. Ukiiva unakuwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito wake, ndiyo maana wengi wanapika wa kumwaga. Nyama ya mnofu gramu 150 mbichi kwa mtu, yaani kilo 45. Yenye mfupa, gramu 230 au zaidi, usishuke chini ya kilo 70. Usipime kwa macho sufuriani, nyama ikiiva inapoteza robo ya uzito, wakati mwingine hata theluthi. Watoto wadogo wahesabu nusu. Halafu ongeza wahudumu, wapiga picha na wapiga muziki, nao wanakula, na hakuna anayewakumbuka mpaka wakae mlangoni mwa jiko wakisubiri.

Kama ni bafe, weka mtu wa kugawa nyama. Wali, mboga na saladi watu wajipakulie wapendavyo. Nyama ikiachwa huru, ile hesabu ya gramu 150 ni hadithi tu.

Nusu Sahani
Kwa nini hakuna anayetetea vitafunwa? Mtu amekula kwake mchana, sherehe ya saa tisa mpaka saa kumi na mbili, unampikia mlo wa nini? Mpe aina tatu nne za vitu vya kushika mkononi, keki, kinywaji. Hakuna foleni wala mlima wa sahani.

Bwana Sahani
Ni kweli iwapo saa inaruhusu, na kadi ya mwaliko iseme wazi kwamba ni vitafunwa. Ukimkalisha mtu mpaka saa mbili usiku kwa vitumbua viwili, atakusema mpaka mtoto wako aoe. Ndiyo maana Kijiko anadai saa.

Shangazi wa Kona
Nisomeni taratibu, hii ni ndefu. Harusi ya mdogo wangu tulichukua mpishi wa kwa kichwa. Mtu ana ulimi mtamu, picha nzuri kwenye simu, malipo ya awali nusu, mkataba hakuna, "mimi na nyie ni familia". Siku ilipofika wahudumu aliowaahidi walikuwa nusu yao. Meza ya bafe moja, imeegemezwa ukutani, watu wanapita upande mmoja tu. Foleni ikazunguka ukumbi. Waliokaa mbele wakarudi mara ya pili kabla waliokaa nyuma hawajasimama mara ya kwanza.

Nyama ikaisha. Namuuliza, anasema yeye ameleta ya watu tuliokubaliana, sisi ndio tumealika zaidi. Nikahesabu viti, hatukuzidi. Mwishoni akaja na bili iliyozidi makubaliano. Kumbe anahesabu sahani zilizotumika, na kila aliyerudi kuongeza alipewa sahani mpya, kwa hiyo mtu mmoja kawa vichwa viwili. Mjomba akataka kumshika shati. Bwana harusi anaitwa nje kulipa huku mkewe kakaa peke yake mbele ya watu.

Na wali ulikuwa umepikwa tangu asubuhi, umefunikwa sufuriani, unanukia vibaya. Wapo walioumwa tumbo usiku ule. Yule bwana mpaka leo anapika kwenye harusi za watu.

Kwa hiyo mkitaka wa kwa kichwa, andikeni: vichwa vingapi, kichwa kinahesabiwa kwa nini (kiti au sahani), nyama kilo ngapi, wahudumu wangapi, chakula kinafika saa ngapi. Salio lilipwe baada ya kula.

Jiko la Kuni
Si nilisema?

Mama Daftari
Pole sana shangazi. Huo wali ndio ulionisimamisha. Mchele una vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi vinazaliana na kutoa sumu, na sumu ya aina ile inayotapisha haiondoki hata ukipasha moto tena. Nyama ya mchuzi iliyoachwa kupoa yenyewe kwenye sufuria kubwa nayo ina balaa lake. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kisikae katikati ya hapo zaidi ya saa mbili. Kukiwa na joto kali, saa moja. Jiko la Kuni, hili linakuhusu na wewe: anayepika uwanjani apike wali kwa awamu, sufuria baada ya sufuria, sio wote alfajiri.

Na bafe isogezwe kutoka ukutani ili watu wapite pande zote mbili. Kwa watu mia tatu weka meza mbili za namna hiyo.

Kreti Tupu
Vinywaji mmevisahau. Saa ya kwanza kila mtu anakunywa glasi mbili, baada ya hapo moja kila saa. Sherehe ya saa nne ni glasi tano. Watu 300, glasi ya mililita 200, hiyo ni lita 300. Sehemu kubwa iwe maji, hasa kukiwa na joto. Chupa zina uzuri mmoja: kubaliana na muuzaji arudishiwe zisizofunguliwa. Ubaya ni kwamba mtu anafungua, anakunywa nusu, anasahau alipoiweka, anachukua nyingine.

Nusu Sahani
Juisi kwenye majagi, mhudumu anapita mezani anamimina. Mtu hawezi kufungua jagi akalisahau. Juisi nzito ya kuchanganya lita moja kwa nne za maji inakupa lita tano.

Kreti Tupu
Na ladha ya maji yenye rangi. Harusi hiyo au mkutano wa shule?

Nusu Sahani
Ndugu, alisema fedha ni za kuungaunga. Na barafu je, umeipigia hesabu? Nusu kilo kwa mtu, hapo ni kilo 150, zaidi kama unapozea chupa ndani yake.

Bwana Sahani
Pombe itakuwepo? Ikiwepo, chupa ya mvinyo ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150.

Kijiko Kirefu
Tafadhali usianzishe hilo, tutafika ukurasa wa kumi.

Jiko la Kuni
Kinachoharibu chakula cha harusi ni washereheshaji. Chakula kiko tayari, yeye bado anaita watu wa kutambulishwa. Apewe karatasi yenye saa ya kula na mtu wa kumvuta koti.

Shangazi wa Kona
Hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza leo. Na keki! Mdogo wangu alilipia keki ya ghorofa nyingi, nusu ilirudi nyumbani. Tengenezeni ndogo nzuri ya kukatia mbele ya watu, nyingine za kawaida za mstatili zikatwe nyuma zikigawiwa. Mdomoni hakuna anayejua tofauti.

Kreti Tupu
Muoka keki akisoma hapa atalia.

Tausi Mpole
Asanteni nyote, nimenakili hesabu za Mama Daftari na Kreti. Sherehe ni saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, samahani kwa kuchelewa kusema. Nilikuwa nimeanza kukubaliana na vitafunwa, ila nimetoka kuongea na mwenzangu, anasema mama yake keshalipia mchele.

Kijiko Kirefu
Saa sita hizo! Watu watakula, hilo halina ubishi tena. Hesabu ya vinywaji nayo ipandishwe, ni glasi saba kwa mtu. Mchele kalipia kilo ngapi?

Tausi Mpole
Hajasema. Anasema "wa kutosha".

Mama Daftari
Muulize na aina. Kuna mchele ukipikwa sufuria kubwa unashikana chini unakuwa uji, juu bado una kiini. Mwambie apike kilo moja kwanza kabla hajabeba magunia.