Mjadala: Begi la mkononi lipimwe kaunta au mlangoni pa kupandia ndege?

Mwanzisha mjadala

Wakuu, habari za majukumu. Naomba hili tulijadili kwa kina, maana limemgusa mama yangu mzazi na bado linaniuma.

Mama ana kisukari. Mwaka jana alikuja Dar kliniki, nikamsindikiza kurudi Mwanza kwa ndege. Kaunta tulipita vizuri. Sanduku lake kubwa likapimwa, likafungwa lebo, likaondoka. Kibegi chake cha magurudumu, kile cha bluu alichonunuliwa na mjukuu wake, binti wa kaunta alikiona kabisa, akakifunga karatasi ya mzigo wa mkononi, akatukabidhi pasi zetu za kupandia ndege. Tukakaa ndani zaidi ya saa nzima.

Abiria walipoitwa, mlangoni alikuwa amesimama kijana mwenye mizani ya kuning'iniza, na pembeni yake kile kifremu cha chuma cha kupimia mabegi. Kibegi cha mama kikazama vizuri hadi kwenye magurudumu, hapo kikagoma. Kilichobaki nje ni upana wa vidole viwili. Kwenye mizani kikasoma kilo 8 na nusu, ruhusa ni 7. Lipia au kibaki. Mama akapiga magoti pale sakafuni akafungua zipu, foleni nzima nyuma yake inasonya, akatoa khanga mbili akajifunga juu ya gauni, Biblia akaibana kwapani. Kilo zikashuka, ila magurudumu ni yale yale. Nikalipa, kikachukuliwa kikapelekwa chini ya ndege.

Tunashuka Mwanza mama ananiuliza, "Baba, dawa zangu ziko wapi?" Insulini ilikuwa ndani ya kile kibegi. Na kibegi hakikuja. Tukaambiwa ndege ilikuwa nzito, mizigo kadhaa imeachwa Dar, itafika kesho. Usiku ule tulizunguka maduka ya dawa mpaka tukapata moja Nyakato lililokuwa bado wazi.

Sibishi kwamba kibegi kilizidi. Kilizidi. Ninachobisha ni wakati na mahali kilipopimwa. Pale kaunta mama alikuwa na nafasi ya kuchagua: kuhamishia vitu kwenye sanduku kubwa, kunikabidhi mimi vingine, kutoa dawa akaziweka kwenye pochi. Mlangoni hakuna tena cha kuchagua. Sanduku kubwa limeshaondoka, ndugu walioleta mgonjwa wameshageuza gari, na ndege inaondoka baada ya dakika 20. Bei anayotajiwa mtu katika hali hiyo ataikubali tu.

Tukumbuke pia kwamba kipimo chenyewe hakina umoja. Emirates wanaruhusu sentimita 55 kwa 38 kwa 22, Qatar Airways 50 kwa 37 kwa 25, wote kilo 7 daraja la kawaida. Kwa hiyo begi lenye urefu wa 55 ni halali kwa mmoja na ni kosa kwa mwingine. Juni 2015 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, walipendekeza kipimo kimoja cha 55 kwa 35 kwa 20. Kelele zikawa nyingi, hasa Marekani ambako watu waliona mabegi yao yote yatakuwa makubwa mno, na mwezi huo huo wakausimamisha mpango. Basi tukubali vipimo vitatofautiana. Angalau kila shirika lipime mapema, kaunta, na lebo ikishafungwa iheshimiwe hadi ndani ya ndege.

Nawakaribisha. Wenye uzoefu wa kazi hizi tunaomba mtupe na upande wenu.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu pole na mama. Ila sheria iko kwenye tiketi, imeandikwa. Begi likizidi lipia. Basi la mkoani ukizidisha mzigo si unalipa? Tukianza huruma kila mtu atakuwa na mama mgonjwa.

Aliyewahi kufanya kazi kaunta

Pole sana kaka. Nimekaa kaunta na mlangoni miaka 9, kwa hiyo nitasema ninavyojua.

Kwanza ndege yenyewe. Safari nyingi za ndani ni ndege za propela kama ATR 72, viti kama 70, makabati ya juu ni membamba. Begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye Boeing, kwenye ATR linabaki limechungulia na kifuniko hakifungi. Makabati yakijaa mabegi kumi ya namna hiyo, abiria wa nyuma anapanda na mkoba mdogo na hana pa kuuweka. Halafu kuna hesabu ya uzito. Rubani hapimi kila mtu. Hutumika uzito wa wastani wa abiria pamoja na begi lake la mkononi. Watu 60 wakizidisha kilo 4 kila mmoja, hizo ni kilo 240 ambazo hazimo kwenye karatasi ya rubani. Waliopanda Caravan, zile ndege ndogo za propela moja, kwenda mbugani wanajua: kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo humo humo, tena begi laini lisilo na fremu. Wakati mwingine abiria mwenyewe anapandishwa kwenye mizani.

Sasa kwa nini mlangoni? Kwa sababu kaunta mnatuficha. Abiria anakuja na mkoba mdogo mkononi, begi kubwa kaliacha na shemeji pale kwenye viti vya nje. Akishapata pasi anakwenda kulichukua. Na siku hizi wengi wanajiandikisha kwa simu, kaunta hawapiti kabisa, wanatoka ukaguzi moja kwa moja hadi mlangoni. Huyo utampima wapi?

Lakini kwa mama yako wenzangu walikosea, nalisema wazi. Begi likichukuliwa mlangoni, swali la kwanza linapaswa kuwa: ndani mna dawa, hati za safari, fedha, betri? Insulini haikai chini ya ndege, inaweza kuganda ikaharibika. Na betri za akiba, pawabenki zikiwemo, haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo wa chini. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini Korea Kusini, na wachunguzi wakasema chanzo kinachoelekea kuwa ndicho ni pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Watu wote walitoka kwa sababu moto ulionekana mapema. Ungeanzia chini ya sakafu nani angeuona? Anayelichukua begi bila kuuliza ameipeleka hatari mahali pasipo na macho.

Abiria wa Dublin

Habari zenu. Huku Ulaya huu ugomvi umefika mahakamani zamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyohusu shirika la Vueling la Hispania, ilisema mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kusafirisha abiria, kwa hiyo usitozwe nyongeza, mradi uzito na vipimo vyake viwe vya kiasi na utimize masharti ya usalama. Tatizo likabaki kwenye hayo maneno "vya kiasi". Mashirika ya bei nafuu yakajibu kwamba kiasi ni mkoba unaoingia chini ya kiti.

Novemba 2024 serikali ya Hispania ikayapiga mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179, Ryanair, shirika la bei nafuu la Ireland, peke yao karibu milioni 108, na sababu mojawapo ni hii ya kutoza begi la mkononi. Yenyewe yakaenda kupinga. Juni 2025 kamati ya usafiri ya Bunge la Ulaya ikapiga kura kutaka abiria apate bure mkoba mdogo pamoja na begi la hadi kilo 7.

Mimi hata hivyo naona huku kuna nafuu moja. Ryanair mkoba wa bure ni 40 kwa 30 kwa 20, kila mtu anajua, na ukizidisha mlangoni unaweza kulipa hadi euro 75. Nauli inakuwa ndogo kwa sababu asiye na mzigo hamlipii mwenye mzigo. Nimeshasafiri kwa fedha ya chakula cha mchana. Nipo upande wa Arusha kwa hilo.

Mwanzisha mjadala

Ndugu wa Dublin, umeacha kitu kimoja kwenye habari ya Ryanair. Mfanyakazi anayekamata begi lililozidi analipwa. Ilikuwa euro 1.50 kwa kila begi, na kwa mwezi haikuzidi 80. Kuanzia Novemba 2025 wakapandisha hadi 2.50 na kikomo kikaondolewa. Mkuu wa kampuni hiyo, Michael O'Leary, ameutetea utaratibu huo hadharani. Hapo ndipo mimi nasimama na kusema hapana. Anayepima asiwe na fungu katika kile anachokipima. Muuza sukari akipata zawadi kwa kila gramu anayompunja mteja, ile mizani dukani ni ya nini tena? Nauli ya bei nafuu naielewa, lakini isitegemee mfanyakazi wa mshahara mdogo kumvizia mama wa watu.

Wa Arusha, mfano wako wa basi unanisaidia mimi. Mzigo wa basi tunapatana na konda kabla ya kupanda, nikiwa bado naweza kuupeleka kwenye basi lingine. Hakuna anayenidai nauli ya mzigo mguu wangu ukiwa kwenye ngazi.

Dada wa kaunta (kama ni kaka nisamehe), hesabu ya kilo 240 imenigusa, sikuwa nayo. Ila ikiwa uzito ndio hofu, kupima mlangoni ndiko kumechelewa zaidi. Karatasi ya rubani imeshaandaliwa, na begi likitoka mkononi mwa mama likaenda chini, ndege ni ile ile na kilo ni zile zile.

Mama wa Kariakoo

Wanangu, hamjambo. Mimi nafuata mzigo Dubai na Guangzhou mwaka wa 11 huu. Nitasema ukweli wangu wote.

Ndiyo, tunaficha. Nimevaa makoti matatu Guangzhou mwezi wa saba. Nimempa mwenzangu begi anishikie nyuma ya nguzo. Nilifanya hivyo kwa sababu kilo 7 ni kidogo, na begi lenyewe tupu la magurudumu linakula kilo 3. Sitajitetea, ni kosa, na yule binti aliyesema mnatuficha ananisema mimi.

Lakini hebu semeni na hili. Mlangoni hawapimi wote. Anaangalia foleni anachagua. Mwenye suti na begi la ngozi linalong'aa anapita. Mwenye mifuko mitatu ya maduka ya uwanjani, manukato na chokoleti, anapita, ile haipimwi. Mimi mwenye baibui na begi lililofungwa kamba naitwa pembeni kila safari. Nimesimama pale naona begi la mwenye suti ni kubwa kuliko langu, nimelionyesha kwa kidole, nikaambiwa, "Mama, shughulika na lako." Sheria ikiwa ni ya wote nitalipa bila neno. Nimelipa mara nyingi. Kinachoniumiza ni kuchaguliwa.

Aliyewahi kufanya kazi kaunta

Ni dada, kaka, hujakosea.

Mama, shikamoo. Uliyosema ni kweli na nimewahi kuyatenda. Unapewa dakika 25 kupandisha watu 70, huwezi kupima wote, jicho linakwenda kwa unayedhani hatagomba. Mwenye suti anaomba jina lako na jina la msimamizi wako. Hatukufundishwa hivyo, tulijikuta tunafanya.

Kaka, kuhusu ndege ni ile ile na kilo ni zile zile: si hivyo kabisa. Begi likishuka chini linaingia kwenye hesabu kwa uzito wake halisi, na ndege ikionekana nzito, linaweza kuachwa. Ndivyo kilivyobaki kibegi cha mama. Kwa hiyo kupima kuna maana hata dakika za mwisho. Ninakubaliana nawe hapa: fremu na mizani vikae pia kwenye mlango wa kuingilia ukumbi, kabla ya kaunta, abiria ajipime mwenyewe bila kuitwa na mtu. Na malipo ya mlangoni yawe sawasawa na ya kaunta. Lebo kuheshimiwa hadi ndani ya ndege siwezi kukuahidi, maana lebo inahama. Nimeshaona karatasi ya begi dogo imebanduliwa ikabandikwa kwenye begi kubwa.

Na kwa yeyote atakayechukuliwa begi mlangoni: dai kipande cha lebo chenye namba kabla hujaliachia. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unalibebesha shirika dhima ya mzigo uliokabidhiwa ukiharibika au kupotea mikononi mwake. Begi likiwa bado mkononi mwako, ni mpaka kosa liwe lao. Bila kile kipande utathibitishaje kwamba ulilikabidhi?

Mwanzisha mjadala

Hatukupewa kipande, dada. Kijana alilibeba tu akashuka nalo ngazi.

Lebo inahama, sawa, naliondoa hilo. Badala yake waandike kwenye pasi ya kupandia kwamba begi limepimwa, na kilo zake. Pasi ina jina la mtu, haihami. Hilo na la fremu kwenye mlango wa ukumbi nitayaandika kwa baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga lililoundwa kwa sheria ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Mama wa Kariakoo, ukiniruhusu niweke na lako la kuchaguliwa kwenye foleni, bila kukutaja.

Mama wa Kariakoo

Weka mwanangu. Na ile mifuko ya manukato usiisahau.