Kindle au kishikwambi? Shemeji anarudi kutoka Muscat Alhamisi, nisaidieni

Mwana_Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Shemeji yangu yuko Muscat, anarudi Tanga Alhamisi ijayo, na ameniambia atanibebea kifaa cha kusomea. Kimoja tu, kwa hiyo nikikosea ndiyo basi. Nimebaki katikati ya Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu chenye kioo cha wino wa kielektroniki, na kishikwambi. Kipi kitanifaa? Naomba majibu ya waliotumia, si ya waliosikia.

Mzee_Ngamiani
Mwanangu, hiyo fedha nunua vitabu vya karatasi. Mimi nina vitabu vya mwaka 1974 hapa ndani. Nikivifungua vinafunguka, havijaniomba chaji hata siku moja.

KoboTu
Shikamoo mzee. Mleta mada, hujasema unasoma nini, una shilingi ngapi, wala unasomea wapi. Bila hayo tutapiga ramli.

Mwana_Chumbageni
Nasoma vitu mbalimbali tu. Bajeti ya kawaida.

KoboTu
"Vitu mbalimbali" ndiyo nini? Faili zako ni EPUB au PDF? Kesi yote iko hapo. PDF hubaki na ukurasa wake kama ulivyochapwa, na ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kindle ya kawaida ya inchi 6, kioo chake kina upana wa kama sentimita 9. Herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 inakujia kama ya 5, sawa na yale maandishi ya karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Ukikuza, kila mstari unausukuma kushoto na kulia, na kioo cha wino kinajibu polepole. Riwaya ya EPUB ni habari nyingine kabisa: unaongeza herufi na mistari inajipanga upya yenyewe.

Mwana_Chumbageni
Sawa, niseme vizuri. Nasoma shahada ya uzamili huku nafanya kazi. Makabrasha ya chuo ni PDF, na mengine ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha. Usiku nasoma riwaya, ninazo nyingi nilizopata WhatsApp. Bajeti laki tano, isizidi. Mtaani kwetu umeme unakatika mara kwa mara. Na Jumapili napenda kusomea Raskazone, pale juu ya bahari.

MwalimuMuheza
Ungesema hayo tangu mwanzo. Mimi natumia kishikwambi, vile vya sensa ya 2022 ambavyo tuligawiwa walimu baada ya kazi kwisha. Kwa PDF sina malalamiko. Naandaa somo, napigia mstari, naandika pembeni, naonyesha wanafunzi picha. Kwa uzamili wako chukua cha inchi 11, kama Samsung Galaxy Tab A9+. Ukurasa wa A4 unasomeka wote bila kukuza, na bajeti yako inaweza kukitosha. Shida yake ni mbili. Ukisoma umelala kitandani, kina karibu nusu kilo, mkono unachoka. Na ujumbe unaingia juu ya ukurasa. Unaanza sura saa tatu, saa nne uko kwenye kundi la ukoo mnajadili michango ya arusi.

KoboTu
Na Raskazone saa sita mchana, mwalimu? Kishikwambi juani kinakuwa kioo cha kujitazamia. Unaona uso wako na miembe iliyo nyuma yako. Kifaa cha wino, kadiri jua linavyowaka ndivyo maandishi yanavyokolea, kwa sababu hakitoi mwanga kutoka ndani, kinarudisha wa nje kama karatasi. Ndani mna vijifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, umeme unazivuta juu au chini. Zikishakaa, zimekaa, umeme hauhitajiki tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana chaji inahesabiwa kwa wiki. Kwa mtaa unaokatika umeme hilo si jambo dogo.

Ila usinunue Kindle, nunua Kobo, kifaa cha wino cha kampuni nyingine. Unachomeka waya kwenye kompyuta, unaburuta EPUB, imekwisha. Kindle hadi 2022 ilikuwa haipokei EPUB, na sasa inapokea kwa kupitia seva za Amazon ili igeuzwe kwanza. Februari 2025 wakaondoa hata njia ya kupakua kwenye kompyuta kitabu ulichonunua kwa fedha yako.

Fundi_Barabara_ya_9
Kaka, kuna Calibre, programu ya kompyuta, inageuza EPUB bure bila intaneti, kisha unaingiza kwa waya. Tusimtishe mwenzetu. Kindle Paperwhite ya 2024 ina inchi 7 na gramu 211, na haiogopi maji. Marekani ilitoka kwa dola 160, na hiyo ni ile inayoonyesha matangazo ikiwa imelala.

Saumu_Pongwe
Ngojeni niwaambie yaliyonikuta, maana hakuna aliyetaja hili.

Dada yangu alinitumia kifaa cha wino, nikakaa nacho miezi kumi na moja. Nilikipenda. Nilikuwa nasoma kabla ya alfajiri bila kuwasha taa ya chumba, kwa kile kitaa cha kifaa chenyewe kinachomulika kioo, mtoto amelala ubavuni. Siku moja nasafiri kwenda Dar. Begi nimeliweka juu kwenye kichanja cha basi, kifaa kimo ndani ya kava ya kitambaa. Tulipofika Muheza akapanda baba mmoja na kiroba cha machungwa, konda akakisukumiza juu ya begi langu. Nikanyamaza. Nikajiambia ni machungwa tu.

Segera watu wakashuka, nikasema nisome kidogo. Nikakitoa. Kioo juu kizima, hata mkwaruzo hakuna, napitisha kidole ni laini vilevile. Lakini nusu ya chini imeganda. Imebaki mistari ya ukurasa wa 112 niliouacha usiku, na juu yake michirizi myeupe kama utando wa buibui. Nikageuza ukurasa. Nusu ya juu ikabadilika, ya chini haikutikisika. Nikazima, nikawasha, vilevile. Nililia ndani ya basi, sioni haya kusema.

Dar nilizunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alikuwa hajawahi kukiona kifaa cha aina ile. Wa pili alitaka elfu hamsini kabla hata hajakifungua. Wa tatu alikuwa muungwana, akanieleza kwamba chini ya kile kioo cha juu kuna kioo kingine chembamba sana, na ndicho kilichopasuka. Kukiagiza peke yake kungenigharimu karibu sawa na kununua kifaa kipya. Kishikwambi cha mdogo wangu kimeanguka mara nne, kimepasuka, kimebadilishwa kioo hapahapa mjini kwa siku moja.

Kwa hiyo, kaka, ukichukua cha wino, nunua kava ngumu siku ileile. Usingoje kesho yake.

Mwana_Chumbageni
Pole sana dada Saumu. Sasa umenitia hofu.

Muuguzi_Tanga
Naongezea la macho, maana naona litakuja. Watu wakikodolea kioo hupunguza kupepesa, macho yanakauka na kuwasha. Hata kwenye karatasi ukikazana inatokea. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6, kwa sekunde 20. Usiku punguza mwanga wa kishikwambi hadi ulingane na wa chumba. Usinunue kifaa kwa kuogopa upofu, nunua kwa kazi yako.

KoboTu
Muuguzi, kwa heshima zote, mimi kichwa kilikuwa kinaniuma kila jioni nilipokuwa nasomea kishikwambi. Nilipohamia kwenye wino kikaacha.

Muuguzi_Tanga
Sikatai kwamba kiliacha. Nauliza, mwanga wa kile kishikwambi ulikuwa umeuweka wapi?

KoboTu
Mwisho kabisa. Lakini hata hivyo.

Mtunzi_Pangani
Naomba nitoke nje ya mada kidogo, kuna neno limenichoma. Mleta mada amesema ana riwaya nyingi alizopata WhatsApp. Ndugu yangu, mimi niliandika kitabu kwa miaka minne. Nilichapa nakala mia tano kwa fedha ya ng'ombe wawili. Wiki ya tatu nikakikuta kwenye kundi nililomo mimi mwenyewe, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kinaonekana pembeni. Watu wanashukuru, "ubarikiwe mkuu". Nakala mia tatu na kitu bado ziko chini ya kitanda changu.

Mwana_Chumbageni
Nisamehe mwandishi, sikulitazama hivyo. Lakini niseme ukweli, nimetafuta vitabu vya Kiswahili vya kununua kwa simu, na ninavyovitaka sivioni. Tufanyeje?

Mzee_Ngamiani
Maktaba ya mkoa ipo, ingieni. Shaaban Robert amezaliwa hapa Vibambani mwaka 1909, kaburi lake liko Machui, na vijana wa Tanga wanangoja kitabu kije kutoka Muscat. Inaniuma.

MwalimuMuheza
Mzee, maktaba inafungwa jioni, na huyu anafanya kazi mchana. Ila Mtunzi, ukiuza EPUB mwenyewe kwa malipo ya simu, mimi wa kwanza kununua. Nakutumia ujumbe pembeni.

Mtunzi_Pangani
Nitashukuru mwalimu. EPUB sijui hata inatengenezwaje.

Fundi_Barabara_ya_9
Calibre hiyohiyo. Nitakuelekeza.

Mwana_Chumbageni
Wakuu, nimeongea na shemeji. Anasema duka alilokwenda lina vishikwambi vya kila aina, Kindle moja tu, Kobo hawaijui. Anataka jibu kesho asubuhi. Nikihesabu masaa, PDF za chuo ni nyingi kuliko riwaya. Lakini zile za chuo nazisoma kwa sababu lazima, na riwaya ndizo zinazonipa usingizi mzuri. Sijui.

MwalimuMuheza
Uzamili una mwisho wake, ila ada umeshalipa. Chukua kishikwambi.

KoboTu
PDF zichapishe, zile muhimu. Usiue usomaji wako kwa ajili ya makabrasha ya miaka miwili.

Muuguzi_Tanga
Muulize hiyo Kindle ni ya inchi ngapi, kabla ya yote.

Mwana_Chumbageni
Nimemwandikia, ameshalala.

Fundi_Barabara_ya_9
Dada Saumu, samahani, hicho kifaa chako ulikitupa? Ni kile cha inchi 6 chenye kitufe cha kuwashia chini? Kuna mteja aliniachia kama hicho, sehemu ya kuchajia imeliwa na chumvi ya bahari, alikuwa anakaa nacho forodhani. Kioo chake kizima. Kama ni toleo moja naweza kujaribu kuvihamisha. Siahidi, vimegandishwa kwa gundi, lakini njoo nacho Jumamosi.

Saumu_Pongwe
Ndicho hichohicho. Kimo kabatini, nimekifunga kwenye kanga, chaji ilikwisha zamani. Nimekwenda kukitazama sasa hivi. Ukurasa wa 112 bado upo.