Tupeane uzoefu: uliyesoma hesabu za finaiti na probabiliti chuoni, ilikukamata wapi?

mleta_mada
Wakuu heshima kwenu. Nimeimaliza hii kozi muhula uliopita, ile ya mwaka wa kwanza wanayorundikwa watu wa biashara, saikolojia, afya na kila aliyekimbia kalkulasi. Kabla sijaanza niliambiwa ni mteremko, seti unazijua toka sekondari, matriki (yale majedwali ya namba) ni kujumlisha na kuzidisha, sasa uoga wa nini. Na kweli wiki tatu za mwanzo ilikuwa mteremko, naingia lekcha nakaa nyuma nachati zangu. Ikaja mada ya kuhesabu.

Testi ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Kuna watu 10, chagua kamati ya watu 3, kuna njia ngapi? Nikapiga 10 × 9 × 8, nikaandika 720 nikaipigia mistari miwili kwa kujiamini. Swali linalofuata: watu walewale 10, chagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nikashtuka, mbona ni lilelile? Nikajiambia hawawezi kuuliza kitu kimoja mara mbili, basi hili la pili nikagawanya kwa 6, nikaandika 120. Yaani majibu yote mawili sahihi yalikuwemo kwenye karatasi yangu, ila kila moja limekaa kwenye kiti cha mwenzake 😂 Sifuri mbili. Mwalimu kaandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: "Vyeo?"

Nililala na hilo neno siku mbili ndo likaniingia. Kamati ukiniita wa kwanza au wa mwisho ni kamati ileile, lakini mimi kuwa mwenyekiti wewe katibu siyo sawa na wewe mwenyekiti mimi katibu. Toka hapo sikugusa fomula kabla sijajiuliza, hawa wakibadilishana nafasi kuna kitu kitabadilika? Kwangu mimi kozi nzima ilikuwa kulielewa swali, hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaipiga. Haya nyie iliwakamata wapi?

kete_mbili
Mkuu umenikumbusha machungu. Mimi neno lililonimaliza ni "angalau". Kete inarushwa mara 4, tafuta uwezekano wa kupata sita angalau mara moja. Nikajumlisha 1/6 mara nne, nikapata 4/6, roho kwatu. Kwenye diskasheni dada mmoja akaniuliza taratibu tu, "kwa hiyo ukirusha mara 6 sita lazima itoke?" Nikanyamaza.

Dawa yake unaanzia upande wa pili, unatafuta uwezekano wa kuikosa kabisa, 5/6 unaizidisha yenyewe mara nne, unachopata unakitoa kwenye 1. Inakuja kama asilimia 51.8. Ila nilikuja kujifariji baadae kwamba ni la zamani hili, mwanahisabati Pascal alimwandikia mwenzake Fermat mwaka 1654 kuhusu jamaa mmoja mcheza kamari aliyekuwa haelewi kwa nini sita kwa kete moja mara 4 inalipa, halafu sita mbili kwa kete mbili mara 24 hailipi (hiyo inashuka mpaka 49.1), wakati 4 kwa 6 na 24 kwa 36 ni uwiano uleule. Akaja juu kabisa kwamba hesabu inajipinga. Nikasema kumbe tuko wengi.

seti_tupu
Mimi "au" tu ndo ilinitoa jasho. Kwa kawaida mtu akikwambia njoo leo au kesho, huendi siku zote mbili. Huku "A au B" inabeba hata vyote viwili kwa pamoja, halafu makutano lazima uyatoe maana umeshayahesabu mara mbili. Karata nyekundu au mfalme: nikaweka 26 na 4, nikaandika 30. Jibu 28, wafalme wawili wekundu nilikuwa nimeshawahesabu.

pivoti
Nyie wote mnalia na probabiliti, mie probabiliti ndo ilinibeba. Kilichoniua ni simpleksi, ile njia ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo ukiwa umebanwa na masharti. Ukiwa na vigezo viwili (namba unazotafuta, mfano idadi ya meza na ya viti) unachora grafu, unapima kona moja moja, unachukua iliyo bora, raha mustarehe. Vikifika vitatu grafu inakukimbia, unaingia kwenye jedwali, chagua safu wima, gawanya, chagua pivoti (namba ya kuanzia hesabu ya hatua hiyo), safisha safu, rudia tena. Kosa moja la alama ya kutoa kwenye hatua ya pili linakaa kimya, halipigi kelele, linakuja kukuumbua ukurasa wa tatu. Kwenye pepa la mwisho jibu langu lilisema kiwanda kitengeneze meza 14 na viti HASI 3. Nikaangalia saa, zimebaki dakika nne. Nikakusanya hivyohivyo.

Mwanahisabati Dantzig aliileta hii njia mwaka 1947, na jaribio moja kubwa la mwanzo lilikuwa na masharti 9 na vigezo 77, makarani 9 wakaipiga kwa mashine za mezani, jumla siku-kazi kama 120. Mimi sina hata mashine, nina ufutio umeisha.

mleta_mada
@pivoti viti hasi 3 😂😂 nimecheka mpaka nimeulizwa kulikoni

zamu_ya_usiku
Naomba na mimi mama mtu mzima nichangie, nilirudi chuo nikiwa na watoto wangu wakubwa. Hizo za kete na karata zilipita tu, nilikwama kwa Bayes, ile kanuni ya kupima upya uwezekano baada ya kupata taarifa mpya. Ugonjwa wanao watu 1 kati ya 100, kipimo kinawanasa asilimia 99 ya wagonjwa, lakini wazima nao kinawasingizia asilimia 5. Mtu kapimwa, jibu chanya, je anaumwa kweli? Darasa zima tulisema 99. Mimi mwenyewe niliyekuwa natoka zamu usiku nilisema 99, na ndo iliyoniuma.

Fomula nimeikariri wiki nzima na haikukaa. Mwisho nikaachana na asilimia, nikahesabu vichwa. Chukua watu 10,000. Wagonjwa 100, kipimo kinanasa 99. Wazima 9,900, kinasingizia 495. Wenye jibu chanya jumla 594, wanaoumwa kweli ni hao 99 tu. Moja kwa sita! Nilichora upya ule mchoro wa matawi mara tatu nikidhani nimekosea. Kwenye pepa sikuandika fomula, niliandika vichwa, na maksi zote nikapewa. Wanangu msione aibu kuhesabu kitoto.

nusu_kwa_nusu
Shikamoo mama, hiyo ya vichwa naiiba. Mimi nilibisha na mwalimu hadharani kuhusu siku za kuzaliwa. Alisema watu 23 wanatosha kuvuka nusu kwa nusu wawili kugongana tarehe. Nikasimama nikasema haiwezekani, mwaka una siku 365. Akaniuliza watu 23 wanatengeneza jozi ngapi. Nikapiga, 253. Nikakaa. Kumbe mimi nilikuwa natafuta wa kugongana na MIMI, swali halikunitaja popote.

mgeni_wa_jana
Samahani wakuu, mimi ndo niko kwenye kozi sasa hivi. Herufi za neno BARABARA zinapangika kwa njia ngapi? Niliandika faktoriali ya 8 (8 × 7 × 6 mpaka 1), yaani 40,320, nikapigwa mkasi.

seti_tupu
Hebu zibadilishane nafasi hizo A mbili za mwanzo, neno limebadilika?

mgeni_wa_jana
Hapana.

seti_tupu
Basi gawanya. A ziko 4, B 2, R 2. 40,320 gawanya kwa 24 × 2 × 2.

mgeni_wa_jana
420?? Aisee. Kumbe ndo maana karatasi ilirudi A zote nne zimezungushiwa, nikadhani mwalimu anakosoa mwandiko.