Dengue siku ya 5, homa imeshuka lakini mgonjwa amelegea. Naombeni ushauri

Binti Buguruni – Jumatano, saa 1:40 usiku
Habari za jioni wakuu. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 24, naishi naye hapa Buguruni. Jumamosi alianza homa, kichwa, macho yanauma kwa ndani, viungo kama kapigwa rungu. Malaria ikapimwa, hakuna. Jumatatu akapimwa dengue, ikaonekana.
Leo homa imeshuka, kipimajoto kinasoma 37.1. Nilitegemea achangamke, lakini ndiyo kwanza kalala tu, ukimwita anajibu kwa shida. Swali langu: kuna dawa ya kupandisha chembe sahani (zile za kugandisha damu) ninayoweza kuipata bila kwenda hospitali? Na huu uchovu ni wa kawaida? Nilipanga nimwache apumzike hadi asubuhi.

Mzee wa Kivukoni – saa 1:52
Pole sana binti yangu. Hiyo ndiyo kidingapopo. Ilinikamata mimi mwaka 2014, ule mwaka ilipotapakaa Dar. Nilikuwa nasikia mifupa inasagika, mke wangu akinigusa napiga kelele. Wiki tatu baada ya homa kuisha nilikuwa nikipanda ngazi za ofisini napumzika katikati, na nilikuwa mtu wa kukimbia asubuhi. Kwa hiyo uchovu upo, mpe supu.

Kijana wa Keko – saa 1:58
Mbu wa dengue ana miguu ya mistari myeupe, kama kavaa soksi za shule. Anakuuma mchana kweupe upo kazini, hana hata aibu.

Mama Wawili Tabata – saa 2:03
Majani ya mpapai, mdogo wangu. Twanga, kamua, kikombe kidogo asubuhi na jioni. Wifi yangu alipona kwa hayo, chembe zilipanda ndani ya siku mbili.

Zamu ya Usiku – saa 2:06
Dada, mimi ni wa maabara. Mpapai uache kwanza, nijibu haya. Anatapika? Tumbo linauma? Fizi au pua zimetoa damu? Mara ya mwisho kukojoa ni lini? Cheti kilionyesha mistari ipi? Na amepewa dawa gani tangu Jumamosi?

Binti Buguruni – saa 2:15
Ahsante kaka. Tumbo linamuuma kidogo, kulia chini ya mbavu. Katapika mara tatu tangu mchana. Fizi zilitoa damu akipiga mswaki, lakini kidogo sana. Kukojoa, saa 5 asubuhi. Kipimo kilionyesha NS1 na IgG. Dawa ni parasetamoli tu.

Shangazi Mpenda Usafi – saa 2:18
Tatizo letu tunangoja serikali ije kupuliza dawa wakati nyumbani kuna matairi, makopo na madumu yasiyofunikwa. Huyu mbu anapenda maji masafi yaliyotuama, siyo ya mtaroni. Hivi sasa masika, kila mtu akague uwani kwake.

Zamu ya Usiku – saa 2:31
Dada, nisome taratibu lakini vaa viatu huku unasoma.
Ule mstari wa NS1 ni protini ya kirusi chenyewe. Seli iliyoingiliwa na kirusi inaimwaga kwenye damu kwa wingi, ndiyo maana tone moja linatosha kuionyesha. Mishipa midogo ya damu kwa ndani ina utando laini kama ute, unaozuia maji ya damu yasitoke ovyo. NS1 inaamsha vimeng'enya vinavyoukwangua ule utando. Halafu inawagusa askari wa kinga kwenye kipokezi kinachoitwa TLR4, ambacho kwa kawaida wanakitumia kuwatambua bakteria. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2015. Askari wakishtuliwa hivyo wanamwaga saitokini, kemikali zao za kuitana, mishipa inazidi kulegea, na maji yanavujia tumboni na kifuani. Damu inayobaki ndani inakolea, presha inashuka, figo zinakosa cha kuchuja. Mtu kutokojoa tangu saa 5 asubuhi ni hilo.
Mnauliza kinga ilikuwa wapi siku za mwanzo. Seli ikivamiwa huwa inatoa interferoni kuwaamsha majirani. Dengue ina protini nyingine, NS5, inayoikamata STAT2, mpeleka taarifa wa interferoni ndani ya seli, na kuifanya ibomolewe. Kengele inalia lakini seli haisikii. Kirusi kinazaliana kwa nafasi, na kinga ikija kuamka inakuta adui kajaa nyumba nzima, inapiga bila kuchagua.
Sasa IgG, yaani kingamwili zinazobaki mwilini baada ya kuugua. Kuonekana mapema namna hiyo kunaashiria aliwahi kuugua dengue. Virusi vyake viko aina nne. Kingamwili za aina ya kwanza zinaweza kukishika kirusi cha aina nyingine bila kukiua, na seli zinazomeza vitu vilivyoshikwa na kingamwili zinakipokea kama mgeni rasmi. Mara ya pili ndiyo huwa na hatari zaidi.
Kwa hiyo usihesabu homa kushuka kuwa kupona. Kuvuja kunaanza hapohapo, na kunachukua saa 24 hadi 48. Maumivu ya tumbo, kutapika, fizi, kulegea: hizo zote ni dalili za hatari. Hospitali yenye maabara na kitanda, usiku huu.

Binti Buguruni – saa 2:40
Aliugua kweli 2019, tulikuwa Ilala. Lakini kaka, nina dripu hapa nyumbani, naweza kumtundikia mwenyewe. Na kama parasetamoli imeshusha homa vizuri, si inaonyesha mwili unaitika?

Mkaguzi – saa 2:44
Wakuu, hii ni chai. Ameanza na "naombeni ushauri", lakini anajua chembe sahani na ana dripu ndani ya nyumba. Nani ana dripu Buguruni? Na parasetamoli ya kumtoa mtu kwenye homa kali mpaka 37.1 sijaiona. Mwezi uliopita uzi kama huu uliishia kwenye namba ya simu ya muuza dawa. Msipoteze muda.

Kijana wa Keko – saa 2:46
Na mimi nilianza kuhisi. Chai ya maziwa kabisa, na tangawizi.

Mama Wawili Tabata – saa 2:49
Kama ni uongo Mungu anakuona. Sisi wengine tumezika watu.

Zamu ya Usiku – saa 2:50
Kama ni chai, nimepoteza dakika ishirini tu. Kama si chai, kuna mtu anakufa. Dada, jibu moja: alichomwa sindano?

Binti Buguruni – saa 2:58
Siyo chai. Nimekaa hapa kitandani kwake, miguu yake ni ya baridi.
Nauza duka la dawa muhimu. Juzi na jana usiku nilimchoma diklofenaki ya maumivu na deksa (deksamethasoni, steroidi), mwenyewe. Najua duka kama letu haturuhusiwi kuchoma sindano. Lakini alikuwa analia kwa maumivu, na wateja wanakuja kila siku wanaomba hizohizo na wanapona. Nikimpeleka wataniuliza nani kamchoma. Nasomesha wadogo wawili kwa lile duka. Ndiyo maana nilitaka kumhudumia kimya kimya, dripu zipo, nilidhani nitaweza.

Zamu ya Usiku – saa 3:02
Ahsante kwa kusema. Miguu ya baridi haisubiri, ndugu yangu.
Diklofenaki inazidhoofisha hizo chembe sahani chache alizobaki nazo, na inachubua tumbo. Deksa haijaonekana kusaidia dengue. Mbaya zaidi, zote mbili zinashusha homa, kwa hiyo 37.1 yako haituambii kitu. Na dripu ya nyumbani hapana: ikiwa ndogo presha inaanguka, ikizidi maji yaleyale yanayovuja yanajaa kwenye mapafu. Inapimwa kwa hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, inayoonyesha damu imekolea kiasi gani, kila baada ya saa chache, na hilo chumbani kwako halipo.
Mwambie daktari jina la sindano, kiasi na saa, kabla hata hajakuuliza. Atataka kujua kama anavuja au anatoka damu ndani, na jibu lako linabadilisha matibabu.

Mzee wa Kivukoni – saa 3:04
Binti, duka litapatikana jingine.

Abuu Bajaji – saa 3:05
Niko Tazara na bajaji, niko peke yangu. Nitumie ujumbe wa faragha nije. Hela tutaongea siku nyingine.

Binti Buguruni – saa 3:07
Nimekutumia kaka. Tunamvalisha.

Mkaguzi – saa 3:20
Dada, nisamehe. Naomba utuambie mkifika.

Binti Buguruni – Alhamisi, saa 11:25 alfajiri
Tumelazwa. Tulipofika presha ilikuwa 90 kwa 72, nesi akaita watu mbio. Chembe sahani 31,000. Hematokriti 52. Nilimwambia daktari kila kitu, diklofenaki na deksa, saa na kiasi. Aliandika kwenye faili, akaniuliza kama nami nimekula. Hakusema neno jingine. Wamemwekea maji wanayoyapima kwa saa. Saa 10 alikojoa, kidogo, rangi ya chai ya rangi. Nilishika ile chupa nikalia.

Zamu ya Usiku – saa 11:31
Mkojo ni habari njema. Presha za juu na chini zikikaribiana hivyo, alikuwa ameshaingia kwenye mshtuko, yaani damu haifiki mwilini vya kutosha. Wakipima damu tena, niandikie hematokriti. Ikishuka taratibu huku presha inapanda na hakuna damu inayotoka, maji yanakaa ndani ya mishipa.

Mama Wawili Tabata – saa 12:10 asubuhi
Nipo njiani kwenda kazini, uko wodi ya huku mjini? Nikuletee uji na nguo ya kubadilisha.

Binti Buguruni – saa 3:15 asubuhi
46. Presha 108 kwa 70. Amefungua macho, ameomba maji.