Tupeane uzoefu: mtandao umebadilishaje kazi ya habari na uhusiano hapa Dar?

Wakuu, habari za jioni. Nilianza kama mwandishi wa gazeti, sasa ni afisa uhusiano hapa mjini. Zamani taarifa kwa umma ilikuwa ya wahariri. Unaichapa, unagonga muhuri, dereva anaizungusha vyumba vya habari, kesho yake alfajiri unatega sikio redio ikisoma magazeti. Wakikubania ukurasa wa ndani, unampigia mhariri kulalama. Siku hizi tunaiweka Instagram kabla mhariri hajaiona, na kutwa nzima nasoma maoni ya watu. Mwandishi alikuwa akisubiri nijibu. Mteja hasubiri, anapiga skrini shoti na kusambaza ukimya wangu.

Kwenu mambo yakoje?

*Mpiga picha, Kinondoni:*
Mimi nilishtuka mapema. Issa Michuzi alipoanza blogu yake 2005, naye mpiga picha wa gazeti, tulidhani ni ya harusi na misiba tu. Baadaye tukaona hao hao maafisa uhusiano wanamtumia picha kabla yetu.

*Mwandishi wa mahakamani:*
Nashinda mahakama ya Kisutu, basi nisemee huko. Zamani ulisikiliza shauri asubuhi, ukahakiki jina la mshtakiwa kwa karani, ukamtafuta wakili, jioni ukaandika. Sasa meza ya mtandao inataka mistari miwili hakimu akiwa bado amekaa.

Shida inakuja siku DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anapoondoa shauri. Hakimu anatamka mshtakiwa yuko huru, simu zote zinarusha "AACHIWA HURU", ndugu wanapiga vigelegele. Anafika mlangoni, askari wanamkamata tena, anapandishwa karandinga. Gazeti la kesho yake lingebeba yote mawili kwa pamoja. Mtandaoni ile ya kwanza imeshafika Mbeya, na hii ya pili haisambai hata nusu yake. Mhariri ananiambia "weka mwendelezo". Mwendelezo anausoma nani?

*Nina TV ya mtandaoni:*
Mnatulaumu sana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipokuja, leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na ada zake zilipita shilingi milioni 2, wengine wakafunga. Tuliobaki lazima tupate watazamaji, na bando la kurusha video tunanunua wenyewe. Halafu nyie wa uhusiano mkituita kwenye mkutano, maiki zetu mnazipanga pembeni kabisa, ila klipu mnazituma kwa mabosi wenu kuonyesha mmefanya kazi!

*Afisa habari, Posta:*
Kinachonikosesha usingizi ni taarifa za kughushi. Nembo yetu, saini ya bosi, tarehe ya leo. Tunaigonga maandishi mekundu SI KWELI na kuirusha tena. Nikaona watu wanayafuta yale mekundu na kuanza upya. Sasa kila taarifa halisi inawekwa kwanza kwenye tovuti yetu, ndipo tunatuma kiungo. Imepunguza simu, siwezi kusema imemaliza.

*Mwandishi wa mahakamani:*
Hayo mekundu yenu mnayagonga saa ngapi, dada? Mbona saa nne usiku tukitaka kuhakiki simu hazipokelewi?

*Afisa habari, Posta:*
Saa nne usiku tuma meseji, kaka. Simu anayo mtoto, anaangalia katuni.